Mama ana sukari, nyayo zinakufa ganzi. Anunue vidonge vya vitamini?

BintiNyalenda: Wadau, hamjambo. Mamangu ana sukari na amemeza metformini, dawa ya kushusha sukari, miaka mingi. Siku hizi nyayo zinakufa ganzi, na usiku zinawaka moto. Kuna muuzaji amemletea chupa ya vidonge vya vitamini ya shilingi 4,500, anasema inasafisha damu na dawa za kliniki ataziacha. Mama ameanza kushawishika. Nimwambie nini? Chakula anakula vizuri, osuga (mnavu), dek (mgagani) na omena (dagaa) havikosekani kwake.

NesiKondele: Dada, pole na mama. Dawa asiache hata siku moja! Damu inasafishwa na figo na ini, na sukari ikipanda ndiyo inayoziharibu hizo figo.

Lakini ganzi hiyo msiipuuze. Metformini ikitumika muda mrefu huweza kushusha vitamini B12, na B12 ikipungua mishipa ya fahamu inaumia. Sukari nayo huleta ganzi ile ile, kwa hiyo kwa macho hutofautishi. Aombe kipimo cha B12. Kituo cha karibu wakikosa, wamwandikie rufaa.

Chupa igeuze usome nyuma. Mtu mzima anahitaji B12 mikrogramu 2.4 kwa siku, ila aliyepungukiwa hupewa nyingi zaidi ya hapo, mara nyingine kwa sindano. Ukiona asidi foliki, ile vitamini ya kuongeza damu, nyingi bila B12, hapo ndipo naogopa: damu itaongezeka, vipimo vitapendeza, na huku mishipa ya fahamu inazidi kuharibika.

MkulimaAhero: Nesi, kama omena anakula, B12 itapunguaje?

NesiKondele: Kaka, kula na kufyonza ni mambo mawili. B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mdogo, na metformini inavuruga pale pale. Omena aendelee nayo, na mayai na maziwa. Osuga na dek ni mboga nzuri sana, ila B12 hazina.

BintiNyalenda: Nimetumiwa picha ya chupa. Asidi foliki ipo, madini ya chuma yapo, B12 sioni. Kliniki ni Jumatatu, nitampeleka mwenyewe.

NesiKondele: Asiifungue. Aende nayo, pamoja na kila anachomeza, hata mitishamba, amwonyeshe daktari. Na kuanzia leo akague nyayo kila jioni, hadi katikati ya vidole, na asitembee pekupeku. Mguu wenye ganzi huchomwa na msumari mwenyewe asijue.