Sahara Magharibi: kesi imekwisha au tumechoka kuisikiliza?

Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki: Sahara Magharibi ni koloni la zamani la Hispania, Morocco inasema ni yake, na wenyeji wake, Wasahrawi, wanadai kujiamulia.

Oktoba 31, 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2797, likiuchukua mpango wa Morocco wa kuipa Sahara Magharibi madaraka ya ndani (bila uhuru kamili) kuwa msingi wa mazungumzo. Kura 11 za ndiyo. Urusi, China na Pakistan zikajizuia, Algeria haikushiriki kabisa. Tangu siku hiyo nasikia "kesi imekwisha". Imekwishaje, na Wasahrawi waliahidiwa kura ya maoni ya kuchagua uhuru au kuwa chini ya Morocco mwaka 1991, sanduku halijaletwa mpaka leo?

Wanaodhani hili ni jambo la ngamia na mchanga waangalie ramani. Algeria, mlezi wa Polisario (chama cha Wasahrawi kinachopigania uhuru), ilivunja uhusiano na Morocco Agosti 2021, na miezi miwili baadaye ikafunga bomba la gesi lililopita Morocco kwenda Hispania. Mpaka wao wa nchi kavu umefungwa tangu 1994. Usitishaji vita wenyewe kati ya Morocco na Polisario ulivunjika Novemba 2020 pale Guerguerat, karibu na mpaka wa Mauritania. Yaani majeshi mawili mazito hayasemezani, na Mali, jirani wa Algeria, inaungua. Hapo roketi moja ikikosea njia inatosha.

Sisi tumo, msijitoe. Cairo mwaka 1964, Mwalimu Nyerere alisimamia hoja kwamba mipaka ya mkoloni isiguswe, Morocco haikuikubali. Tanzania ikaitambua Jamhuri ya Wasahrawi, dola iliyotangazwa na Polisario, mwaka 1978. Septemba 2022 Mahakama ya Afrika, hapo hapo Arusha, ikasema nchi za Umoja wa Afrika zina wajibu wa kuwasaidia Wasahrawi kujiamulia mambo yao. Mwezi huohuo Rais Ruto alitangaza mtandaoni kuwa Kenya imefuta utambuzi wake, kisha ujumbe ukafutwa (tulicheka sana). Mei 2025 hakuna aliyecheka: Nairobi iliunga mkono mpango wa Rabat (yaani Morocco) waziwazi.

Najua jibu la wengi: watu wamezaliwa na kuzeeka kwenye kambi za wakimbizi za Tindouf, Algeria, heri nusu shari. Hoja hiyo nzito, siidharau. Ila mwaka 2003 James Baker, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alileta mpango wa madaraka ya ndani kwanza, kisha kura yenye chaguo la uhuru. Polisario ikakubali, Morocco ikakataa. Mnaoitetea Rabat, nielezeni: kama Wasahrawi wanayataka madaraka hayo ya ndani, iliogopa nini?