Tupeane uzoefu: mistari kukaa hovyo kwenye slaidi za PowerPoint, wewe ulitokaje?

Kamwene wakuu, niko Iringa. Juzi nilikuwa napresenti proposo yangu ya utafiti na kilichoniumiza siyo utafiti wenyewe, ni mistari. Nyumbani nilikuwa naisogeza ndani kwa kubonyeza spesi, sita saba hivi mpaka naona imekaa, sasa kufika ukumbini kompyuta ya pale haina fonti yangu ikaweka ya kwake, spesi zikabadilika upana na kila mstari ukasimama pake. Mwalimu akauliza, "Hii ya mmomonyoko ni hoja kuu au iko chini ya hii ya juu?" Na kweli pale ukutani hata mimi nilikuwa sioni. Wenzangu yamewakuta?

Mdau, Mwanjelwa: Pole sana mkuu. Mimi niko steshenari, hizo naletewa kila siku, hasa mstari mrefu ukishuka unaanzia chini ya kidoti badala ya chini ya herufi. Nenda View, weka tiki kwenye Ruler, halafu bonyeza ndani ya maandishi, kule juu utaona vipembe viwili vimetazamana. Cha juu ndo kidoti kinapokaa, cha chini ndo maneno yanapoanzia. Usishike kile kiboksi cha chini kabisa maana kinavuta vyote pamoja, hapo ndo wengi wanadhani rula imegoma.

Mdau, Rungwe: Mi nafundisha wakulima wa parachichi, Tab inanitosha. Kursa iwe mwanzo kabisa wa mstari, ukibonyeza mstari unashuka ngazi, Shift na Tab unarudi. Nilihangaika muda mrefu maana nilikuwa naibonyeza katikati ya maneno, inatoa pengo tu. Ila msizidishe ngazi mbili jamani, herufi zinapungua kila ukishuka, kuna mzee alinyanyua kiti chake kutoka nyuma akaja kukaa karibu na ukuta ndo asome vipimo vya shimo, iliniuma sana.

Mdau, Njombe: Slaidi zikiwa nyingi msirekebishe moja moja. Ingia View, Slide Master, ukirekebisha pale zote zinafuata. Mimi zilikuwa 40, nilishakesha na 12 ndo nikaambiwa. Boksi ulilochora mwenyewe ndo halifuati, hilo utalishika kwa mkono.

Mwenye uzi: Asanteni mno. Nimejaribu rula sasa hivi, mstari wa pili umekaa chini ya herufi ya kwanza kabisa. Ngoja nifute spesi slaidi ya 3 mpaka ya 9, jumatatu narudi tena mbele yao.