Gurudumu la ufinyanzi linanishinda, niendelee kulipia karakana?

FundiNguo_Ligula:
Habarini wadau. Mimi ni fundi cherehani hapa Ligula, Mtwara mjini. Mwezi wa sita nilijiunga na karakana ya pamoja ya ufinyanzi huku Mikindani. Tuko kumi na wawili, tanuri moja, magurudumu mawili: moja la umeme, jingine la kusukuma kwa mguu. Nalipa 25,000 kwa mwezi, kuchoma vyombo ni malipo mbali.

Nilijua nitaweza haraka maana bibi yangu wa Newala alikuwa mfinyanzi, nimekua nikimbebea udongo. Alikaa chini, chungu juu ya kigae, anakigeuza taratibu kwa mkono, anapitisha gunzi la muhindi, mwisho anang'arisha kwa kokoto. Hakuwa na haraka na mtu.

Gurudumu ni habari nyingine. Udongo haukai katikati. Naubana, nauloanisha, unatulia kidogo kama umelala. Nikitoboa tundu tu, unaanza kuyumba. Ukuta upande huu mnene, upande ule kama utando wa korosho iliyobanguliwa, halafu unang'oka wote na kunirukia kwenye gauni. Mwalimu anasema mikono yangu haina nguvu. Mikono hii inakata vitenge kutwa nzima, tena kwa mkasi wa mashoto nilioagiza Dar!

Wiki nane nina vibakuli vitatu. Viwili vilipasuka rafuni kwa sababu kuna mwenzetu alivifunua nailoni akafunika vya kwake. Sikusema kitu, ila niliumia.

Nakosea wapi? Na kwa nini nimekatazwa kuleta udongo wa Newala, wakati ndio ninaoujua?

korosho_grade1:
25,000 ucheze tope? Dada njoo shambani kwangu Nanyamba, tope bure na chai juu.

MzeeWaMitungi:
Binti, huyo mwache na korosho zake.

Umesema mkasi wa mashoto. Gurudumu lenu linazunguka upande gani? Mengi yamewekwa yazunguke kinyume cha saa, na mafunzo yote yanamfuata mtu wa kulia: kiganja cha kushoto kinasukuma udongo kutoka ubavuni, cha kulia kinakandamiza juu, kisha wakati wa kupandisha ukuta mkono wa kulia ndio uko nje. Wapo mashoto wanaozoea hivyo hivyo. Wapo wasiozoea kabisa, nadhani wewe ni mmoja wao. Wajapani kwa desturi wanazungusha kufuata saa na vyombo vyao havina kasoro. Jaribu la mguu kwanza, hilo unalisukuma upande utakao.

Nguvu za mikono usizisikilize. Kaa karibu, kiwiko ukiegemeze kwenye paja kisicheze, usukume kwa mwili. Mkono utulie, udongo ndio uufuate. Na usiondoe mikono ghafla. Wengi wanaharibu hapo hapo, udongo umeshakaa wao wanauachia kama wameungua. Maji nayo kidogo tu.

Vibakuli: mwezi huu kusi inavuma, rafu ikiwa dirishani upande mmoja unakauka kabla ya mwingine, lazima upasuke. Kingo zikishika ugumu kidogo, kipindue kitako nacho kipate hewa. Ila mwenzako amekosa, mwambie.

Udongo wa Newala sikutetei. Ule mwekundu una chuma, unaiva kwenye nyuzi 1,000 hivi. Bibi yako alichoma uwanjani kwa kuni, moto ule haupandi sana. Kama tanuri lenu linafikishwa 1,200 na zaidi, chungu chako kitavimba, pengine kiyeyuke na kugandia kwenye vibao vya kupangia vyombo ndani ya tanuri, na vibao hivyo ni ghali. Uliza wanachoma nyuzi ngapi. Wakisema 1,000, basi ni ubishi tu.

FundiNguo_Ligula:
Shikamoo mzee. Nimerudi na majibu.

La mguu lilinichosha, mguu na mikono havikupatana. Nikalichungulia lile la umeme: kuna swichi ya kugeuza mzunguko kwa nyuma, imezibwa na tope kavu la miaka. Nimeichokonoa kwa sindano ya cherehani. Mwalimu mwenyewe hakujua ipo! Udongo ulikaa mara ya tatu. Kibakuli kina kitako kizito kama jiwe la kusagia, lakini ukuta uko sawa pande zote, nimeupima kwa sindano ile ile.

Tanuri wanafikisha 1,220, kwa hiyo udongo wa Newala nimeuacha nyumbani kwenye ndoo. Na nailoni yangu sasa ina jina langu kwa wino mweusi, herufi kubwa.

korosho_grade1:
Hicho chenye kitako kizito unauza shilingi ngapi? Nataka cha kuku wangu, huwa wanamwaga maji.