Tupeane uzoefu: barabara ya maduka ikifungwa kwa sherehe, wauzaji wa kila siku huenda wapi?

Fundi wa Barazani, Jinja (mwanzisha mada)

Habari zenu ndugu, hasa mlioko huku Uganda. Mimi nashona nguo kwenye baraza la duka moja pale Main Street, Jinja. Anayeifahamu barabara ile anajua ilivyo pana, na maduka ya zamani pande zote mbili yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Mengine bado yana mwaka wa kujengwa umeandikwa juu kabisa ukutani. Wenyewe walifukuzwa na Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90 wawe wameondoka nchini, majengo yakabaki na mabaraza yake. Mabaraza hayo ndiyo yanayotulisha. Mvua ikishuka, watu hukimbilia kwetu. Mteja anayesubiri suruali ipunguzwe hukaa kwenye benchi langu, humwita kijana wa rolex, ile chapati inayokunjiwa mayai, amkaangie mayai mawili, na kabla chapati haijakunjwa ameshanunua soksi kwa mchuuzi anayepita.

Sasa nije kwenye hoja. Kuna tamasha lililoletwa mtaani kwetu Jumamosi moja, kipande cha barabara kikafungwa magari yasipite. Tulifurahi sana. Asubuhi wakaja vijana wenye fulana za waandaaji, wakatuambia tuondoe vyerehani, mabenchi, meza, kila kitu, mtaa uonekane msafi. Baraza zima likabaki tupu. Nikakaa ng'ambo kutazama. Watu walikuja, wakapiga picha mbele ya jukwaa, wakatafuta pa kukaa wakakosa, wakatafuta chakula cha bei yao wakakosa pia, maana kwenye mahema soda moja iliuzwa kwa pesa ya kulia mlo mzima kwetu. Kufika alasiri, jua likiwa kali, pale palikuwa na watu wachache kuliko siku ya kazi ya kawaida.

Tamasha jingine liliandaliwa na watu tofauti. Mahema waliyapanga katikati ya lami, mabaraza wakatuachia. Kiongozi wao alipita kwa kila mmoja wetu kuuliza anauza nini, ili asimletee mshindani mlangoni pake. Siku hiyo nilibana viuno vya suruali na kushona vifungo mpaka taa zikawashwa. Wazee walikaa kwenye mabenchi yetu wakisikiliza muziki, watoto wakacheza lamini, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Mimi naamini kabisa kwamba sherehe ya mtaani hubebwa na wale wanaokuwepo pale hata siku isiyo na sherehe. Kwenu ikoje? Leteni mliyoyaona wenyewe.

Muuza Viatu, Kampala

Nnyabo fundi, umenigusa. Mimi nina kibanda kwenye jengo la maduka Luwum Street, barabara yenye jina la Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977. Huku kwetu na Namirembe Road ndiko Kampala ilikojaribu kutenga njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, kwa hiyo habari ya kutembea kwa raha tunaijua vizuri, na tunajua pia boda wanavyojipenyeza humo.

Kwetu kinachoua biashara ni kelele. Msimu wa Krismasi yanakuja malori ya promosheni, spika zimepangwa juu hadi juu, wachezaji wanacheza juu ya lori, fulana zinarushwa. Watu wanajaa kweli. Lakini viatu haviuzwi bila kusikilizana! Mteja anashika kiatu, ananiuliza bei, namjibu, hasikii, anadhani nimemtajia bei ya kumkomoa, anakirudisha. Kuelewana bei kunahitaji maneno: mnacheka kidogo, unamwita mukwano, yaani rafiki, unashuka elfu mbili, naye anapanda elfu moja. Lori likipiga muziki pale mbele, hayo yote yamekufa.

Tulichofanya na jirani zangu ni kukata maboksi, tukaandika bei mbili kwa kalamu nene: bei ya kuanzia juu, na chini yake bei ya mwisho. Mteja ananyoosha kidole kwenye ya chini, nafunga kiatu. Ilisaidia, ingawa sikuipenda. Waandaaji wakitaka ushauri wangu, wageuze spika zielekee barabarani, zisielekee milangoni mwa maduka, na kila baada ya nyimbo chache wanyamaze watu wauze.

Mgisu wa Mjini, Mbale

Mbale hatuhitaji mwandaaji. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti, Imbalu, yaani jando letu Wagisu, inafunguliwa kwenye uwanja wa Mutoto, na kuanzia hapo mji hauna barabara ya magari peke yake. Kijana anayekwenda kutahiriwa anatokea amepakwa unga mwili mzima, kengele mapajani, filimbi mdomoni, nyuma yake ngoma za kadodi na ukoo mzima unaruka. Hakuna anayeweka kizuizi cha chuma. Dereva mwenyewe anazima injini.

Mimi nina duka la vifaa vya umeme. Kundi likisimama mlangoni nafunga droo, natoka nje, namtunza kijana noti, naruka nao hatua chache. Usipotoka utasemwa, tena utasemwa mpaka mwaka mwingine wa Imbalu. Na nikuambie, muuza viatu, kadodi ni kelele kuliko lori lako, ila haikai. Inapita. Dakika chache imeshafika duka la tatu, na waliobaki nyuma wanakumbuka walikuwa wametumwa balbu. Nadhani hapo ndipo tofauti ilipo: shamrashamra inayotembea humgawia kila duka watu wake, ile inayosimama mahali pamoja huwanyima wote isipokuwa mmoja.

Kijana wa Steji

Nawasoma tu. Mnasema kufunga barabara ni raha, na sisi wa boda? Steji yetu ikifungwa tunasukumwa mbali, abiria wetu wa kila siku hawatuoni, na jioni tajiri mwenye pikipiki anataka hesabu yake kamili. Hakuna hata siku moja tulipoitwa kwenye mkutano wa maandalizi.

Fundi wa Barazani, Jinja

Kijana wa Steji, una haki kabisa, na nashukuru umesema. Kwenye lile tamasha zuri nililolieleza, boda walipewa kona mbili, mwanzo na mwisho wa kipande kilichofungwa, na waliotoka na mizigo waliwakuta palepale. Nitawasemea tukikutana tena na waandaaji.

Mama wa Kyaliwajjala

Jamani, nyie mna tamasha la siku moja. Njooni kwetu wiki ya tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda. Barabara ya kutoka Kyaliwajjala kwenda Namugongo, walikochomwa moto kwa ajili ya imani yao Charles Lwanga na wenzake mwaka 1886, inageuka soko la waenda kwa miguu usiku na mchana. Mahujaji wengine wametembea kutoka Kenya na Tanzania, miguu imevimba, na hapo ndipo Kiswahili changu kinaniletea riziki. Ukimwambia mtu "karibu mama, keti kwanza, maji haya hapa", ameshakuwa mgeni wako.

Mwanzoni nilikuwa nauza chai na chapati mbele ya nyumba. Nikagundua wanachohitaji zaidi ni chaji ya simu. Sasa nina meza pembeni ya mlango, nyaya za umeme zimepangwa, na kila simu inabandikwa kipande cha plasta chenye namba. Plasta ya namba hiyohiyo anabandikwa mwenyewe mkononi. Simu haitoki kwangu mpaka namba zikutane, hata akinililia. Akisubiri simu anakunywa chai. Akinywa chai anaulizia gonja, zile ndizi tamu, ya kuchoma, namwelekeza kwa jirani, naye jirani ananiletea wa chai. Siku ya kurudi wanapita tena na vidumu vya maji ya pale kwenye madhabahu, wananunua kamba za kuvifungia. Kamba nazo ninazo.

Ila nataka tuongee jambo ambalo wanaume hapa hawajaligusa: choo. Wanawake wanaouza barabarani wanashinda bila kunywa maji ili wasihitaji kwenda. Nimemwona binti wa karanga akizimia kwa jua kwa sababu hiyo. Mimi sasa huwaachia wauzaji wa kike wa eneo langu choo changu bure, wageni wanalipa shilingi 500, na pesa hiyo inamlipa msichana wa kusafisha.

Baba Watatu, Ntinda

Ninyi ni wauzaji, mimi ni mpita njia tu, lakini nina la kusema. KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ilipoanzisha Kampala City Festival mwaka 2012, Oktoba ikawa na siku ambayo Kampala Road ni ya watu: magari yaliyopambwa, bendi, vikundi vya ngoma, msongamano wa ajabu. Mwaka mmoja nilikwenda na wanangu, na katikati ya msukumano, yule mdogo akaniponyoka mkononi. Sijawahi kuogopa vile. Nikamfuata mtu mwenye kitambulisho shingoni, naye ndiyo kwanza alikuwa amefika eneo lile siku hiyohiyo, hajui hata kichochoro kilicho nyuma yake.

Aliyenisaidia ni mama wa pesa za simu, wale wenye mwavuli na kiti cha plastiki. Alimpigia mwenzake wa mwavuli unaofuata, yule akampigia mwingine. Kumbe mwanangu alikuwa amekalishwa chini ya mwavuli mtaa wa pili, anakula ndizi, kwa sababu yule dada alimwona mtoto anatembea peke yake akajua si wa pale. Anajua watoto wa pale wote. Kwa hiyo fundi, uliposema wanaokuwepo siku isiyo na sherehe, mimi namkumbuka yule mama. Mtu akiniambia tamasha linaanza kwa kuwaondoa hao, wanangu siwapeleki.

Fundi wa Barazani, Jinja

Asanteni sana. Mama wa Kyaliwajjala, swali: hiyo plasta haibanduki mtu akitoka jasho? Nataka kuitumia kwa nguo za wateja siku ya msongamano.

Mama wa Kyaliwajjala

Inabanduka, ndiyo maana naibandika kwa ndani ya kifundo cha mkono na kuizungusha mara mbili. Kwa nguo usitumie plasta, inaacha gundi. Kata kitambaa chakavu, andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika, kishikize na pini kwenye lebo. Na mwandaaji akija kwenu, muulize choo kabla hujamuuliza jukwaa.