Sekondari gani inamfaa mtoto mwanamichezo?

Wadau, binti ana miaka 13 na riadha ndiyo roho yake. Nitazame nini kabla ya kuchagua shule?

— Usidanganyike na makombe ya ofisini. Nenda siku ya kawaida, saa ya mazoezi, uhesabu wanaokimbia na waliokaa pembeni. Omba ratiba pia: mazoezi yasizidi saa 13 kwa wiki, sawa na umri wake, na siku moja apumzike kabisa.

— Naongezea usingizi, saa 8 hadi 10 kila usiku. Bweni linalozima taa saa tano usiku na kuamsha saa kumi alfajiri halimfai.

— Magoti jamani! Mifupa yake bado inarefuka; akirukishwa kila siku, maumivu chini ya kilegesambwa (kifupa cha mbele ya goti) hayakawii. Uliza nani huamua aliyeumia arudi uwanjani. Wakisema kocha peke yake, tafuta kwingine.