Programu ya kusawazisha saa inadai "inafanya kazi" huku seva ikiwa nyuma dakika ishirini

Wakuu, salaam. Nimechoshwa na programu za kusawazisha saa zinazoficha kushindwa kwake, na safari hii sinyamazi.

Watumiaji wa mtandao wetu walianza kukataliwa kuingia mmoja baada ya mwingine, na ujumbe pekee waliouona ni kwamba uthibitisho umeshindikana, hivyo kila mtu akakimbilia kubadilisha nywila. Kumbe seva ilikuwa nyuma kwa dakika ishirini, na Kerberos, mfumo wetu wa kuthibitisha watumiaji, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Nilipoangalia hali ya huduma ya ntpd, yaani hiyo programu ya kusawazisha saa, nilijibiwa kwa maandishi ya kijani kwamba inafanya kazi. Kazi gani? Amri ya ntpq -p ndiyo iliyonionyesha ukweli: kila chanzo cha saa kilikuwa na neno .INIT., yaani mawasiliano hayajaanza, safu ya ngazi ilisoma 16, yaani hakuna usawazishaji wowote, na safu ya reach ilisoma 0, maana yake hakuna hata ombi moja kati ya manane ya mwisho lililopata jibu. Fayawoli ilikuwa imefunga poti 123 ya UDP, ambayo ndiyo njia ya ujumbe wa saa. Programu ilikuwa na taarifa zote hizo, ikakaa kimya.

Poti ilipofunguliwa majibu yakaanza kuingia, na hapo ndipo hasira iliponipanda zaidi, kwa sababu ntpd ilipogundua kwamba tofauti inazidi sekunde 1000 ilijizima yenyewe, ikaacha mstari mmoja kwenye logi ukinitaka nirekebishe saa kwa mkono. Programu iliyowekwa ili irekebishe saa inanituma mimi niirekebishe!

Sibishi kwamba tahadhari ina sababu zake. Saa ikirukishwa ghafla, hasa kurudi nyuma, hifadhidata inaweza kuvurugika. Na kuivuta polepole kwa kiwango cha sehemu 500 kwa milioni kungehitaji takriban siku 28 kuziba dakika ishirini. Lakini chaguo la -g, linaloruhusu sahihisho kubwa mara moja tu programu inapoanza, lipo, na waliotuandalia kifurushi hiki hawakuona haja ya kuliweka. Wenye chrony, programu nyingine ya kusawazisha saa, wana agizo la makestep kwa kazi hiyohiyo.

Asije mtu akaniambia nianzishe upya huduma, maana bila -g inajizima vilevile. Wala nisiambiwe niongeze seva moja ya pili ya saa: zikitofautiana mbili, programu haina njia ya kujua ipi inadanganya, ndiyo maana hushauriwa ziwe angalau nne.

Ninachodai ni kwamba ukurasa wa hali ya huduma uonyeshe jibu la mwisho limepokelewa lini, kutoka seva ipi, na tofauti ya saa ni kiasi gani. Hadi hapo watakapojirekebisha, je, kuna mwenye skripti inayotuma tahadhari reach ikibaki 0?