MREJESHO: Kompyuta iliyokuwa inachelewa kuwaka, shida ilikuwa antivairasi

Wakuu habari za mchana, nimerudi na mrejesho wa ile kompyuta yangu ya Windows 10, ukiiwasha unaenda kununua vitumbua unarudi bado inazungusha vidoti. Asanteni sana wote. Mdau aliyesema niangalie kama kuna antivairasi mbili kapatia kabisa, moja ilikuja nayo toka dukani na muda wa majaribio ushaisha zamani, nyingine aliniwekea fundi Kariakoo, zote zinaanza kuskani nikiwasha tu, sasa hapo diski itapumua saa ngapi?

Moja ilitoka fresh kwenye Control Panel, nyingine ikagoma mpaka niliposhusha kile kiprogramu cha kuifutia kwenye tovuti ya kampuni yake, nikarestati, Windows Defender (antivairasi inayokuja na Windows yenyewe) ikajiwasha yenyewe. Inawaka fasta sasa.

Ushauri mwingine mlionipa, wa kuzima antivairasi kwenye Startup ya Task Manager (orodha ya programu zinazojiwasha kompyuta ikiwaka), kwangu haukusaidia, maana antivairasi zinaanza kama huduma za Windows (zinazokimbia kimyakimya nyuma ya pazia), pale nilizima kale kaikoni kake tu. Na Chrome bado inajivuta kufunguka, hiyo ni HDD (diski ya zamani ya kuzunguka), nikipata hela naweka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi).